Mama anataka kuniongeza kwenye hati ya nyumba, tufanye au tusifanye?

Swali: Habari wakili. Mama yangu ni mjane, ana miaka 74, nyumba iko kwa jina lake peke yake. Tumezaliwa watatu, mimi na kaka zangu wawili, na mimi na mume wangu na watoto ndo tunaishi naye na kumuuguza presha. Juzi amesema anataka aongeze jina langu kwenye hati ili siku akifariki tusihangaike na mirathi mahakamani. Kaka zangu bado hawajui. Mimi nina mkopo wa biashara ambao unanisumbua kidogo, na mume wangu ndo alilipia paa jipya mwaka jana. Tufanye au tusifanye?

Jibu:

Dada, nashukuru umeuliza kabla hamjasaini, manake wengi wananitafuta wakishasaini na hapo kinachobaki ni kupunguza hasara tu. Nakujibu moja kwa moja alafu ndo nieleze: kwa haya ulonieleza, msifanye. Angalau siyo kwa namna hiyo mama anavyofikiria, na siyo kwa siri. Mama hajakosea kuwa na wasiwasi, mirathi kweli inasumbua watu, ila njia aliyochagua inatibu tatizo moja na kufungua mengine manne, na mawili kati ya hayo umeyataja mwenyewe kwenye swali lako bila kujua.

Kitu ambacho mama anatakiwa akielewe kabla ya vyote ni kwamba kuongeza jina kwenye hati siyo kupanga urithi, ni kutoa mali leo. Jina lako likishaingia kwenye daftari la ardhi, sehemu ya ile nyumba ni yako hapo hapo, mama akiwa hai, na hawezi kubadili mawazo. Wosia anaweza kuuchana kesho akaandika mwingine, hata mara kumi, hakuna wa kumuuliza. Zawadi ya nyumba ikishasajiliwa hairudi kirahisi, labda we mwenyewe usaini kuirudisha, au mahakama ikute kulikua na udanganyifu au shinikizo, na kwenye nchi chache sheria inaruhusu kuifuta kwa sababu maalum. Kuanzia hapo akitaka kuuza, akitaka kukopa, akitaka kuhamia kwa mwanae mwingine, lazima na we usaini. Na we ukitaka kufanya chochote unahitaji saini yake, sasa chukulia amefika 82 na kumbukumbu zimeondoka, mtu wa hivo kisheria hawezi kusaini hati ya ardhi, nyumba inakwama katikati, hamuwezi kuuza wala kukopea, mnaishia kuomba amri ya mahakama. Yani mnarudi kule kule mlikokua mnakukimbia, tena mama akiwa bado hai.

Sasa tuje kwenye mkopo wako. Hili ndo lingenifanya nikatae hata kama mengine yote yangekua sawa. Leo nyumba ni ya mama na wanaokudai we hawaigusi, haiwahusu hata kidogo. Siku jina lako likiingia, sehemu yako kwenye ile nyumba inakua mali ya mdaiwa. Nchi nyingi mdai akishapata hukumu anaweza kuomba deni lake liandikwe juu ya sehemu yako kule kwa msajili, na hali ikiwa mbaya zaidi anaweza kuomba nyumba iuzwe agawane na mwenzako, na mwenzako huyo ni mama yako. Mahakama huwa zinaangalia hali ya mzee anayeishi humo na siyo kila ombi linakubaliwa, lakini kwa nini umfikishe mama wa miaka 74 mahali ambapo paa lake linategemea huruma ya hakimu kwa sababu ya biashara ambayo siyo yake? Wala usiseme mkopo utaisha karibuni. Soma tena ule mkataba, angalia kama ulisaini udhamini binafsi au uliweka mali zako zote za sasa na za baadae, hilo neno la baadae watu wanalipita tu bila kusoma.

Kuna na ndoa. Sikuombei mabaya na mumeo anaonekana mtu mwema, lakini wakili lazima aulize. Sheria za nchi nyingi haziingizi zawadi na urithi moja kwa moja kwenye mali ya wanandoa, ila nyumba ikiwa ndo mnayoishi, na mwenzio ametia hela yake kuiboresha, hoja inabadilika kabisa na paa jipya ndo mfano wenyewe. Na hata msipoachana, je ukifa we kabla ya mama? Watu wanapanga kama vile mzee lazima atangulie. Ukitangulia we na mlikua mmeandikishwa kwa mafungu, fungu lako linaenda kwa warithi wako, yani mumeo na watoto, na mama anajikuta anamiliki nyumba yake mwenyewe pamoja na mkwe, na kama watoto bado wadogo basi kuna fungu la watoto ambalo haliwezi kuuzwa bila kibali cha mahakama. Sijui kama mama ameliwaza hilo.

Nimesema mafungu kwa sababu kumiliki pamoja kuko kwa aina mbili na fomu za ardhi zinauliza ni ipi, alafu watu wanaweka tiki bila kujua. Aina moja kila mtu ana fungu lake, nusu kwa nusu au vyovyote, na akifa fungu lake linaingia kwenye mirathi yake kama mali nyingine. Maana yake ni kwamba mama akikuongeza kwa aina hii mirathi haijakwepwa, nusu yake bado itapita mahakamani vile vile. Aina ya pili hakuna fungu la mtu, wote wanamiliki kitu kizima, na mmoja akifariki aliyebaki anachukua chote, anapeleka cheti cha kifo kwa msajili na jina la marehemu linatolewa. Hii ya pili ndo mama anayoiwaza bila kujua jina lake. Ila haipo kila mahali. Kenya kwa mfano, sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2012 inasema umiliki wa aina hiyo unaweza kuanzishwa na mume na mke tu, wengine mpaka mahakama iruhusu, na mama na mtoto wakijiandikisha hivo bila ruhusa wanahesabiwa wana mafungu. Kwa hiyo familia inaweza kulipa ada zote, kodi ya uhamisho na wakili, alafu mama akifa ndo wanagundua walichonunua hakipo. Na pale ambapo ipo ina ukali wake, inashinda hata wosia. Mama anaweza kuandika wosia mzuri kabisa kwamba nyumba igawanywe kwa watoto wote watatu, ukasomwa mbele ya ukoo mzima, na ukawa haugusi nyumba, kwa sababu ile dakika alipofariki nyumba ilishakua yako peke yako.

Na hapo ndo kaka zako wanaingia.

Mimi sina shaka na nia yako, mtu anayemuuguza mama hatafuti sifa. Lakini itazame karatasi kama atakavyoitazama mgeni miaka sita kutoka leo: mzee mjane, mgonjwa, anaishi na binti anayemtegemea kwa kila kitu, binti ana madeni, nyumba inahamia kwa binti kimya kimya, wanaume wawili wa familia hawakuambiwa. Kwenye nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza kuna kanuni ya zamani kabisa, kwamba mtu akitoa zawadi kubwa kwa anayemtegemea na kumwamini, na zawadi yenyewe haielezeki kirahisi, mahakama inaanza na dhana kwamba kulikua na shinikizo, na anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni aliyepokea. Yani mzigo ni wako. Na shahidi wako mkuu, mama, hatakuwepo. Kinachowaokoa watu kwenye kesi za hivi ni ushahidi kwamba mzee alipata ushauri wa wakili wake mwenyewe, siyo wakili uliyemtafuta we, alikaa naye chumbani peke yao, akaelezwa anapoteza nini, na akasema bado nataka.

Kuna nchi hata mama akitaka kwa moyo wote hana uhuru huo. Ufaransa mzazi mwenye watoto watatu ana uhuru wa kugawa robo tu ya mali yake anavyotaka, robo tatu ni haki ya watoto kwa usawa, na zawadi alizotoa akiwa hai zinarudishwa kwenye hesabu. Familia za Kiislamu mnajua wenyewe kwamba wosia hauzidi theluthi moja na hauendi kwa mrithi mpaka warithi wengine waridhie, hiba, yani zawadi ya wakati wa uhai, ni mlango mwingine lakini lazima mali ikabidhiwe kweli kweli, siyo karatasi isome jina la binti na mama aendelee na kila kitu kama zamani, na ikitolewa kwenye ugonjwa wa mauti inahesabiwa kama wosia. Kama familia yenu inafuata sheria hiyo mwambieni wakili siku ya kwanza, msisubiri aulize.

Kodi sitakaa nayo sana kwa sababu kila nchi ina yake, ila msidhani kumpa mtoto nyumba ni bure. Kuna sehemu zinatoza uhamisho wenyewe, kuna sehemu zinakuvizia mbele. Uingereza ukimpa mtu nyumba nzima alafu ukaendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango, kwenye kodi ya mirathi inahesabiwa bado ni yako, hata ikipita miaka 7. Marekani anayepewa nyumba mzazi akiwa hai anachukua na bei ile ya zamani ambayo mzazi alinunulia, akija kuuza anatozwa kwenye faida yote, wakati angeirithi tu hesabu ingeanza kwenye thamani ya siku ya kifo. Huko huko mzee akihitaji serikali imlipie nyumba ya kutunzia wazee, majimbo mengi yanachunguza alichogawa miezi 60 nyuma. Mnaona jinsi watu wanavyokimbia gharama na kwenda kuikuta mbele.

Haya, sasa nini kifanyike, manake kukwambia usifanye bila kukuonesha njia nyingine siyo msaada.

Mama ana hofu tatu na amezifunga kwenye furushi moja, mi ningezifungua. Kuna hofu ya nani ataendesha mambo yake akizidiwa, kuna hofu ya nani atapata nyumba, na kuna hofu ya usumbufu wa mahakama. Kila moja ina karatasi yake.

Ya kwanza dawa yake ni hati ya uwakilishi, ile wengi wanaita pawa ofu atoni. Mama anakupa mamlaka ya kufanya mambo fulani kwa niaba yake, kulipa bili, kwenda benki, kusimamia wapangaji, na nyumba inabaki yake. Mambo mawili watu wanayakosea hapa. Ya kawaida inakufa mama akipoteza akili timamu, yani inakata pale pale mnapoihitaji, kwa hiyo ulizeni kama sheria yenu ina ile inayoendelea hata akizidiwa, Uingereza aina ya sasa wanayo tangu mwaka 2007 na ni lazima isajiliwe kwanza ndo itumike. Lingine, na hili nalisema kwa msisitizo, hati ya uwakilishi ya aina yoyote inaisha mwenye mali akifariki. Siku hiyo hiyo. Ukienda benki wiki baada ya mazishi na ile karatasi ukatoa hela unafanya kosa, hata kama hela ni za kulipia mazishi yenyewe. Na pia usiitumie kujihamishia nyumba mwenyewe, hata kama maneno yake yanaonekana kukuruhusu.

Ya pili ni wosia. Mama akitaka kukupa sehemu kubwa kuliko kaka zako kwa sababu we ndo unayemuuguza, na sheria yenu inamruhusu, aandike hivo na aandike na sababu, kwa maneno yake. Sababu ikiandikwa inatuliza watu sana, nimeona ndugu waliokuja ofisini wamevimba wakasoma aya moja ya mzazi wao wakanyamaza. Nchi nyingi zinataka mashahidi wawili wawepo kwa pamoja wakati anasaini, na shahidi asiwe mtu anayepata kitu kwenye wosia wala mume au mke wake, kwa hiyo mumeo asisaini kama shahidi kabisa. Sehemu zingine kama Ufaransa unaruhusiwa kuandika mwenyewe bila shahidi ila lazima uwe wote kwa mkono wake, tarehe na saini, ukichapwa kwa kompyuta hauna kitu. Amtaje na msimamizi, na amuulize kwanza kama anakubali.

Kwa umri wake ningemwomba daktari anayemtibu presha aandike barua, tarehe za karibu na siku ya kusaini, kwamba alimwona na akili yake iko sawa. Kipimo kinachotumika nchi nyingi kinatoka kwenye kesi ya Uingereza ya mwaka 1870, Banks na Goodfellow, na siyo kigumu kama watu wanavyodhani: ajue anaandika wosia na maana yake, ajue kwa ujumla ana mali gani, ajue ni akina nani wana haki ya kufikiriwa, na asiwe na ugonjwa wa akili unaopotosha maamuzi yenyewe. Yule mzee wa kwenye kesi aliamini anafukuzwa na pepo wabaya na bado wosia wake ulisimama, kwa sababu hao pepo hawakuhusika na jinsi alivyogawa mali. Kusahau funguo au kuchanganya majina ya wajukuu hakumnyimi mama haki ya kuandika.

Kama pamoja na yote mama anasisitiza nyumba ihame sa hivi, basi kuna njia ya katikati, ahamishe umiliki lakini abakize haki ya kuishi humo na kuitumia maisha yake yote, na haki hiyo isajiliwe kwenye hati, siyo ahadi ya mdomo. Wafaransa wanaifanya sana hiyo kati ya wazazi na watoto. Inamlinda mama usije ukamtoa, inamlinda pia dhidi ya anayekudai wewe kwa kiasi, manake atakayenunua sehemu yako ananunua nyumba yenye mama ndani. Majimbo mengi ya Marekani yana hati inayosema nyumba ihamie kwa fulani siku nikifa, na mpaka siku hiyo mama anaweza kuifuta. Ulizeni kama kwenu kuna kitu cha namna hiyo, kikiwepo kinamjibu mama hofu ya nyumba na ya mahakama bila kutoa chochote leo.

Ya tatu, mahakama. Mirathi inayochukua miaka mara nyingi siyo kosa la mahakama, ni karatasi na ugomvi. Na karatasi mnaweza kuanza nazo wiki hii. Fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi muone jina lililopo ni la nani hasa, usiniambie ni la mama kwa sababu ndo mnavyosema nyumbani, wajane wengi wanaishi kwenye nyumba ambayo bado inasoma jina la marehemu mume na mirathi ya mzee haikuwahi kufunguliwa. Ikiwa ndo hivo basi mama hana cha kukuongeza, inabidi mirathi ya baba ianze kwanza na kaka zako ni warithi humo tayari. Linganisheni jina la kwenye hati na la kwenye kitambulisho chake herufi kwa herufi, tofauti ndogo akiwa hai inamalizwa kwa kiapo cha dakika chache, akishafariki ni kazi kubwa. Angalieni kama kuna rehani ya zamani ililipwa lakini haikufutwa. Cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha baba, vyeti vya kuzaliwa vyenu watatu, risiti za kodi za ardhi, viwe bahasha moja na watu wawili wajue iko wapi.

Kuhusu paa la mumeo, hilo lisiachwe hewani. Tafuteni risiti, alafu mama na mumeo wasaini karatasi fupi inayosema ilikua zawadi au ni deni litakalolipwa kwenye mirathi, kiasi gani. Vyovyote mtakavyokubaliana ni sawa, kibaya ni kila mtu kuwa na jibu lake miaka kumi baadae.

Na kaka zako waambiwe, na aseme mama, siyo we. Wakikasirika wakasirike sasa hivi mama akiwa mezani anaweza kujibu. Ukiwaambia we utaonekana unatangaza ushindi. Hawana haki ya kumkatalia mama asifanye anachotaka na mali yake pale ambapo sheria inamruhusu, ila wakijua kwa wakati nafasi ya kesi inapungua sana, na mara nyingine kaka anakuja na kitu ambacho hamkukijua, kwa mfano kwamba na yeye aliahidiwa kiwanja cha nyuma.

Kwa hiyo anza na upekuzi, majibu yake ndo yataamua mengine yote. Alafu mama aende kwa wakili wake, umsindikize mpaka mlangoni ubaki nje. Hati halisi ikae kwa mama, asimkabidhi dalali wala mtu yeyote anayesema atawafanyia haraka, na asisaini fomu yoyote ya uhamisho ambayo ina nafasi wazi hazijajazwa. Ukishapata majibu ya upekuzi niandikie yanasomaje, ila ficha namba ya hati na majina.